Mama wa Wazee Saba

Mpo mlioniandikia kwamba mkinikuta njiani mtanitemea mate. Sina ubishi. Lakini yatunzeni kwanza hayo mate, msome ya wiki hii.

Kwa aliyekosa sehemu zilizopita: mimi ni msusi, nina saluni yangu ya viti vitatu. Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka tisa, alifua mashuka hospitalini mpaka akastaafu. Huko aliwaona wazee wanapona, wanaruhusiwa kwenda nyumbani, na hakuna anayekuja kuwachukua. Ndugu wamezima simu. Akaanza kuwabeba mmoja mmoja hadi kwenye nyumba aliyotuachia marehemu mama. Wakafika saba.

Nyumba ile nusu ni yangu. Mimi naishi chumba cha kupanga, na nilitaka tuipangishe. Wazee wakajaa vyumbani, na mimi nikajaa kinyongo.

Ndipo siku moja, nikiwa namsuka mama mmoja mwenye cheo, akaniambia yeye ndiye mwenyekiti wa kamati inayotoa tuzo ya mtoaji bora wa mwaka, mtu anayesaidia wenzake bila kutaka malipo.

"Siku hizi watu wa namna hiyo wako wapi?" akalalamika.

"Mimi hapa nina wazee saba nyumbani," nikasema.

Siwezi kuwaambia ulimi uliteleza. Niliutuma mwenyewe.

Fomu nikajaza. Jina la dada sikuliandika popote. Nikapita mchujo wa kwanza, nikapita wa pili, na wiki iliyopita niliwaachia pale Mwenyekiti aliponipigia simu akasema, "Alhamisi tunakuja kuona kwa macho yetu."

Basi kazi ya kwanza ilikuwa kumtoa dada ndani ya nyumba.

Miguu yake ilikuwa imevimba kwa wiki kadhaa, viatu haviingii. Jumatano nikamkuta uani anakamua shuka.

"Dada, kesho nenda kliniki. Mimi nitabaki na wazee kutwa nzima."

Akaacha kukamua. "Wewe?"

"Mimi. Kwani si wazee wetu sote?"

Macho yakamjaa machozi. Akanikumbatia kwa mikono yake yenye povu, blauzi yangu ikalowa. "Kila siku namwomba Mungu," akasema. "Nilijua ipo siku utanirudia, mdogo wangu."

Nilimpigapiga mgongoni huku naangalia saa yangu ya mkononi.

Alhamisi asubuhi, alipoondoka tu, nikawakusanya sebuleni wote sita wanaoweza kukaa. Wa saba, tunayemwita Mzee Kimya, haondoki kitandani kwake, chumba cha nyuma. Alipooza upande mmoja na maneno yakampotea, kikabaki kifua kibovu.

"Leo kuna wageni," nikasema. "Mbele yao mtaniita Mama."

Bibi Redio, ambaye hakupewa jina hilo bure, akaruka. "Mama wa nani? Mimi nina wajukuu wanakuzidi umri! Na hizo kucha zako ndefu, utamwosha nani wewe, utuchane?"

Wengine wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Wageni wakiondoka hawajapenda walichokiona," nikasema taratibu, "nyumba hii inafungwa. Nusu ni yangu, naifunga kesho. Na ninyi mnarudi kwenye lile benchi la hospitali."

Kicheko kikakatika. Bibi Redio alifumba mdomo kama redio iliyokatiwa umeme.

"Haya, niiteni."

"Mama," wakasema. Hawakusema pamoja. Mmoja mmoja, wakiangalia sakafu.

Mwenyekiti alifika saa nne na miwani yake ya mnyororo, pamoja na mpiga picha. Aligusa mashuka, akanusa choo, akafungua sufuria. Kila kitu kilimeta. Dada alikuwa ameamka mapema akasafisha ili mimi nisipate taabu.

Kisha Mwenyekiti akachuchumaa mbele ya Dereva. Huyu aliendesha mabasi ya masafa marefu mpaka macho yakazimika.

"Baba, nani anakuogesha hapa?"

"Mama."

"Mama yupi? Nionyeshe."

"Sioni, mwanangu. Lakini mikono yake naijua. Anipe mkono nikuonyeshe."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikampa mkono. Akaushika, akapitisha kidole gumba juu ya kucha zangu za bandia, moja baada ya nyingine, hadi ya tano. Mikono ya dada imechanika kwa sabuni, ni migumu kama gome. Hata mtoto asingekosea.

"Ndiye huyu," Dereva akasema. "Mikono iliyoniokoa."

Mpiga picha akapiga. Mwenyekiti akavua miwani, akajifuta macho. Na Dereva naye alikuwa analia, lakini mimi nilijua yake ni machozi gani.

Nilikuwa nawasindikiza kwenda nje, mambo yameisha vizuri, mlango ukafunguliwa.

Dada. Ameshika viatu mkononi, miguu imevimba kama mikate. Daktari wa kliniki hakufika, wagonjwa wakarudishwa.

"Na huyu ni nani?" Mwenyekiti akauliza.

Sebule nzima ikageuza shingo. Dada alinitazama, akaitazama kamera, akamtazama Bibi Redio aliyekuwa ameziba mdomo kwa khanga. Alianza kutabasamu, akidhani anajua nitasema nini. Angejuaje?

"Huyu ni mfuaji wangu," nikasema. "Nimemwajiri."

Tabasamu lilibaki usoni kwake, ila hapakuwa na mtu nyuma yake.

"Hongera," Mwenyekiti akamwambia. "Umepata mwajiri ambaye wengi wanamtamani. Umshukuru Mungu."

Dada akaweka viatu chini. "Nashukuru," akasema. "Karibuni wageni. Niwaletee chai?"

Akaileta. Alimpa Mwenyekiti, akampa mpiga picha, akanipa mimi, na kikombe changu alikishika kwa mikono miwili, kama mtumishi anavyompa bosi wake. Nikapokea. Na nikamwambia, mbele za watu, "Safari nyingine usipite mlango wa mbele na miguu michafu."

Nilisema hivyo. Mpaka leo sijui ni nani aliyenituma kuongeza hilo.

Walipoondoka alinisubiri jikoni. Nilijiandaa kwa matusi, hata kwa kofi.

"Ungeniomba tu," akasema.

"Nikuombe nini?"

"Hiyo tuzo. Ningewaambia ni kazi yako. Mimi ya nini? Ningeining'iniza wapi?"

Bora angenipiga. Mtu akikupiga, unapata cha kumchukia.

"Acha kujifanya malaika," nikafoka. "Umechukua nyumba ya mama ukaigeuza wodi. Hukuniuliza. Mtaa mzima unakusifu wewe, mimi natajwa kama mdogo wake fulani. Miaka yote hii umewaosha wazee wa watu, mimi umeniuliza lini nimekula nini?"

Akaitazama saa ya jikoni. Kisha akauliza, "Mzee Kimya umemgeuza?"

"Nini?"

"Saa tatu anageuzwa ubavu. Umemgeuza?"

Sikuwa nimeingia chumbani kwake hata mara moja. Akanipita, akaenda kumgeuza.

Jumatatu simu ikapigwa: nimeshinda. Sherehe Jumamosi, saa kumi alasiri. Mwenyekiti alikuwa na furaha kuliko mimi. "Na nimepata wazo zuri sana," akasema. "Nishani atakuvisha yule mfuaji wako. Nilichukua namba yake siku ile, nimeshampigia. Amekubali."

Wiki hiyo sikulala usingizi wa maana. Nilipiga simu kwa dada, hakupokea. Nikamtumia ujumbe: *Ukinifedhehesha, Jumatatu nauza nusu yangu ya nyumba.* Akajibu neno moja: *Usiogope.*

Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vimevikwa vitambaa vyeupe, feni zinazunguka juu. Nikapanda jukwaani na gauni la kukodi. Nilizungumza juu ya upendo. Nikasema mtoaji wa kweli hatafuti jina. Watu wakasimama, wakapiga makofi.

Ndipo akaitwa dada.

Alipanda ngazi tatu zile kwa taabu, akishika ukingo. Alivaa gauni la marehemu mama, lile la kijani la kwenda nalo ibadani. Akapewa kipaza sauti. Ukumbi ukatulia. Nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu nikisubiri kufa.

"Mimi si msemaji," akasema. "Nataka tu mjue kwamba haya mliyoyasikia ni kweli. Wale wazee ni wake. Mimi nilikuwa nafua tu."

Makofi yakalipuka. Nilitaka kucheka.

Akainua nishani, akanivisha shingoni. Mdomo wake ukagusa sikio langu.

"Wanakula saa moja jioni," akanong'ona. "Usichelewe. Dawa nimeziandika ukutani. Nguo zangu nimeshatoa."

"Unasemaje?"

"Wote saba. Wako."

Kamera zilikuwa zinatuwakia machoni, kwa hiyo nikatabasamu. Dada akashuka, akapita katikati ya viti, akatoka kwa mlango mkubwa. Hakugeuka.

Nilimfuata? Hapana. Nilijiambia ananitisha tu. Nilijiambia mtu aliyeacha maisha yake kwa ajili ya wazee hawezi kuwaacha kwa siku moja. Kamati ilikuwa imeniandalia chakula hotelini, na mimi nilikwenda. Saa moja ilipofika nilikuwa nashika uma. Niliikumbuka. Nikaagiza juisi nyingine.

Jumapili saa tatu asubuhi simu ya dada haikupatikana. Nikachukua pikipiki hadi kwenye nyumba ya mama.

Harufu ilinipokea kabla ya mlango.

Walikuwa sebuleni, wamekaa palepale walipoachwa tangu mchana wa jana, wamevalishwa nguo safi ambazo hazikuwa safi tena. Bibi Redio alikuwa kimya. Midomo imemkauka. Aliponiona akanyoosha mkono kama mtoto.

"Mama," akasema. "Nimejikojolea."

Nikashika ukuta.

"Ni wewe?" Dereva akauliza. "Dada yako alitubusu mmoja mmoja, akasema utakuja jioni. Tukakusubiri. Hawa walikata tamaa, mimi nikawaambia vumilieni, atakuja tu, tuzo haipewi mtu wa hovyo."

Hakuwa ananikejeli. Laiti angekuwa ananikejeli.

Nilijaribu kumvua Bibi Redio nguo. Nikatapika kwenye ndoo ileile niliyoletea maji. Kucha moja ikang'oka, ikabaki ndani ya khanga yake. Nilikuwa sijamaliza hata mguu mmoja simu ikaita.

"Mshindi wetu!" Ni Mwenyekiti. "Tuko njiani na mpiga picha. Gazeti linataka picha yako na wazee mkinywa chai ya asubuhi. Dakika ishirini tu tumefika. Na nina jambo la kukushangaza."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilikimbia. Nilifungua madirisha, nikamwaga dawa ya choo sakafuni, nikawafuta nyuso kwa taulo moja wote sita, nikawafunika mashuka masafi juu ya uchafu wao hadi kiunoni. Mkate nikawagawia kwa mkono. Walikula kwa pupa bila kuniuliza kitu.

Ndipo Mzee Kimya alipoanza.

Maneno hana, lakini sauti anayo. Ni sauti moja, ndefu, inayotoka tumboni na haina mwisho. Alikuwa hajageuzwa tangu jana. Nilipoingia chumbani kwake sikuthubutu kufunua shuka.

"Baba, nyamaza. Wageni wanakuja."

Akazidisha.

"Nyamaza!"

Alinishika gauni kwa mkono wake mmoja mzima. Akalia usoni kwangu.

Pale ukutani, juu ya kitanda, ilikuwa karatasi ya dada, imeandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa. *Bibi Redio: nusu kidonge cha usingizi, usiku peke yake.* Na chini yake, amepigia mistari miwili: *Mzee Kimya: cha usingizi asipewe kabisa. Kifua chake hakiwezi.*

Nilisoma. Ningeweza kuwaambia sikuona, nilikuwa na haraka, macho yalijaa machozi, na ninyi mngenihurumia kidogo. Nilisoma mstari wote, hadi nukta.

Nikafungua kopo la Bibi Redio. Nikachukua kizima. Nikakisaga na kijiko, nikakichanganya na chai ya baridi, nikamnywesha. Alikunywa vizuri sana. Alikuwa na kiu tangu jana.

Nilipotoka, Dereva alikuwa ameinua kichwa.

"Umempa nini?"

"Dawa yake."

"Mzee Kimya hana dawa ya asubuhi."

"Baba, kunywa chai."

"Nakuuliza umempa nini, mwanangu?"

"Nimesema kunywa chai!"

Sauti ya chumba cha nyuma ilianza kushuka. Ikawa mguno, kisha pumzi tu, ndefu, yenye mkwaruzo. Nyumba ikatulia. Nikavaa nishani yangu. Honi ikalia nje.

Mwenyekiti aliingia akisukuma kiti cha magurudumu. Juu yake alikaa bibi mdogo wa umbo, msafi, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, mkoba mapajani. Nyuma yao kijana anayemwendesha Mwenyekiti alibeba sanduku la nguo.

"Huyu ni mama yangu," Mwenyekiti akasema. "Amenishinda. Nimezunguka kila nyumba ya kulelea wazee, nimeona mambo ya kutisha, nikarudi naye. Jana ulipokuwa unaongea pale jukwaani nikajua. Sina mwingine wa kumwamini. Mpokee."

Sanduku likawekwa chini.

Bibi yule alinikagua polepole, kuanzia nishani hadi vidoleni, akaishia kwenye kile kisichokuwa na kucha.

"Wewe ndiye utakayeniosha?" akauliza.

Kabla sijajibu, Mwenyekiti akashusha sauti. "Mama ana pumzi fupi. Anahitaji mtu wa kulala naye chumba kimoja. Kuna nafasi?"

"Vyumba vimejaa," nikasema.

"Kipo kitanda kimoja kitupu," Dereva akasema kutoka kitini kwake. "Chumba cha nyuma. Dada wa kufua alikuwa analala humo, apate kumsikiliza mzee mwenzetu anavyopumua. Nendeni mkaone."

"Panafaa kabisa!" Mwenyekiti akasema, na tayari alikuwa anasukuma kiti kwenye korido. Nikamkimbilia mbele, nikasimama mlangoni.

"Amelala. Tusimwamshe."

"Tutaingia taratibu."

"Tafadhali."

"Nawe! Unavyowalinda!" Akanishika bega kwa upendo, akanisogeza pembeni kama mtu anavyosogeza pazia.

Chumbani palikuwa kimya. Mzee Kimya alilala chali, mdomo wazi, tone la chai limekauka kidevuni. Nilitega sikio nisikie ule mkwaruzo. Nikajizuia mwenyewe kupumua ili niusikie.

Mwenyekiti alimweka mama yake kando ya kitanda kitupu. Kisha akainama kwa adabu juu ya kile kingine.

"Shikamoo, baba," akasema, akamshika mkono.

Alisubiri jibu. Hakuuachia mkono ule. Akaubadilisha akaushika vizuri zaidi, vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, akitafuta mapigo, na nikaona mgongo wake unanyooka kidogo kidogo.

Alipogeuka kunitazama, mpiga picha alikuwa ameshafika mlangoni nyuma yangu, na kamera ikalia.